SIKIO LILILOZIMA GHAFLA. Sehemu ya 3: Kilichorudi na kisichorudi

Tangu niweke sehemu ya pili, swali ni lile lile: "Sista, kwani sikio lilirudi?"

Jibu fupi: lilirudi, ila siyo lote. Jibu refu ndiyo hili. Chukua chai yako, tulia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni nesi wa wodi. Jumanne moja niliamka sikio la kushoto halisikii. Halikuuma, halikutoa usaha, sikuwa na mafua. Kulikuwa na mlio tu ndani, kama nyenze wakati wa kiangazi. Siku hiyo hiyo nikaenda kuonwa. Aliyenipokea akamulika sikio, akasema ni safi, halafu akaniandikia dawa ya matone na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili. Kituo sikitaji, maana jambo hili linatokea sehemu nyingi. Nilijiuliza swali moja tu: kama sikio ni safi, hayo matone yanakwenda kusafisha nini? Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa shika hili, hata ukisahau mengine yote. Sikio likizima ghafla, hiyo ni dharura, kama vile jicho likizima ghafla. Wataalamu wanaliita hivyo pale usikivu unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi, kwenye masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Tatizo liko ndani kabisa, kwenye kile kiungo chenye umbo la konokono au kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Matone hayafiki huko. Na mara nyingi chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo vyote.

Kuna kajaribio kadogo unaweza kufanya nyumbani kama ni sikio moja tu. Funga mdomo, gumia "mmmmm". Sauti ikisikika zaidi upande wa sikio bovu, huenda kuna kizuizi, kama uchafu au maji. Ikikimbilia upande wa sikio zima, shuku mshipa au konokono, na usilale nalo. Yangu ilikimbilia kulia. Kajaribio haka hakachukui nafasi ya kipimo, ila kanaweza kukuondoa kitandani.

Daktari alitumia uma wa chuma unaolia, kisha nikaingizwa kwenye chumba cha kupima usikivu. Sikio la kushoto lilianza kusikia kwenye desibeli 70. Mazungumzo ya kawaida yako kwenye 60 hivi, kwa hiyo mtu akiniongelesha upande huo ni kama hayupo. Akaniuliza kuhusu dawa pia: nimetumia kwinini? Nimechomwa gentamaisini? Maana hizo zinajulikana kwa kusumbua masikio. Hapana. Baadaye nilipiga picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe kwenye mshipa. Haukuwepo.

Tiba ilikuwa vidonge vya prednisoloni. Dozi siandiki hapa, nawajua: kuna mtu atapiga picha ya skrini aende nayo duka la dawa. Dawa hii inapandisha sukari, inachokoza vidonda vya tumbo, na haikatishwi kiholela. Mwenye kisukari, presha au vidonda lazima aseme kabla. Mimi ilininyima usingizi na ikanipa njaa ya mtu aliyelima heka mbili.

Kwa nini nasisitiza siku? Kwa sababu dawa hii ina nafasi nzuri zaidi ikianza mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Vidonge visipotosha, daktari anaweza kuchoma steroidi kupitia ngoma ya sikio, na hiyo hufanyika mpaka wiki ya sita hivi. Wapo wanaopona bila dawa yoyote, ni kweli, na hao ndio wanaowadanganya wenzao wakae wasubiri. Wapo wanaopona nusu. Wapo ambao sikio halirudi tena, hasa kama lilizima sana, au lilikuja na kizunguzungu kikali, au mgonjwa ni mtu mzima sana.

Mimi niko kundi la kati. Baada ya wiki mbili nilikuwa 45, baada ya miezi sita 35. Na halikurudi kama taa ya umeme wa LUKU ukishaweka tokeni. Lilirudi kama redio ambayo betri zinakaribia kuisha. Wiki ya kwanza sauti ya mwanangu ilikuwa kama ya roboti, na kijiko kikidondoka sakafuni kinanichoma mpaka kwenye jino.

Haya, na kisichorudi?

Kwanza, sauti nyembamba. Herufi kama s, t na f zinanipita. Jamani, hebu tamka "kumi na sita", halafu "kumi na tisa". Kwa sikio langu la kushoto hizo ni namba moja. Kwa kazi yangu, hiyo ni tofauti ya dozi. Sasa hivi maelekezo kwa simu napokea kwa sikio la kulia, nayarudia kwa tarakimu, "moja-tisa, siyo moja-sita", na bado naomba yaandikwe kwenye faili.

Pili, kujua sauti inatoka wapi. Ubongo unalinganisha masikio mawili ndipo unajua. Usikivu usipolingana, unasikia honi ya bodaboda lakini hujui ikuje wapi. Navuka barabara nikigeuza shingo kama kuku. Kwenye daladala nakaa dirisha la kushoto, ili watu na konda wawe kulia kwangu.

Tatu, na hili ndilo lilinitisha: kazi. Niliporudi zamu, sauti ya mapigo kwenye kipimo cha presha ilikuwa hafifu upande mmoja. Nikakaa na in-charge wangu, nikamweleza. Tukakubaliana napima kwa mashine ya kidijitali, na nikiwa na shaka mwenzangu anarudia. Nililia siku ile, sitaki kuwaficha. Miaka kumi na moja nimewasikiliza watu, halafu ghafla nahitaji msaidizi wa kusikiliza.

Lakini kilichonisaidia kuliko kingine chochote baada ya dawa kilikuwa kusema. Usiku mmoja bibi wa kitanda cha sita aliniita mara tatu kwa upande wa kushoto. Nilipogeuka akasema, "Mjukuu wangu, una maringo wewe." Nikamwambia, "Hapana bibi, sikio hili ni bovu. Nikiwa mbali, nipungie." Kuanzia hapo alikuwa ananipungia ncha ya khanga, na akawafundisha wenzake. Wodi nzima ikawa inanipungia.

Ulemavu wa kusikia hauonekani. Usiposema, watu watakupa jina: mwenye maringo, mjinga, mzee kabla ya wakati. Ukisema, wengi watakupungia khanga.

Kwa hiyo, kama wewe au ndugu yako sikio limezima ghafla:

1. Nenda leo. Omba kuonwa na daktari wa masikio, na omba kipimo cha usikivu.
2. Usiweke mafuta, kitunguu wala kijiti cha pamba.
3. Taja dawa zote ulizotumia karibuni.
4. Rudia kipimo tiba ikiisha, na tena ndani ya miezi sita. Usikivu usiporudi wa kutosha, uliza kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia. Siyo aibu, ni kama miwani.
5. Waambie wa nyumbani wakae upande gani wakikuongelesha.

Sehemu ya 4 nitaongelea ule mlio wa nyenze, maana bado ninao, na tumezoeana. Mwenye swali aulize. Mwenye ndugu aliyeandikiwa matone wiki hii, mtumie hii usiku huu huu.