Damu Ikimbiayo

Wenyeji wetu wa Kawale huuita ugonjwa huu kuthamanga kwa magazi, yaani damu kukimbia. Sisi twauita shinikizo la damu. Mama mkubwa, aliyeishi nasi hapa hadi wakimbizi wa mjini waliporudishwa Dzaleka mwaka 2023, alilishika jina la Kichewa. Moyo wake ukitulia, alisema damu haikimbii leo, akaviacha vidonge. Nasi walimu wa lugha tulimsifu kwa Kichewa chake! Hatukumweleza kwamba shinikizo la 140 kwa 90 na zaidi huweza kuidhuru mishipa kimyakimya, pasipo maumivu. Asubuhi moja mkono wake wa kulia ulishindwa kushika kikombe: kiharusi. Sasa mjukuu humhesabia vidonge kila jioni. Kichewa chake kimekuwa kizito; Kiswahili pia.