Meno Membamba ya Kitana

Kitana chenye meno pande mbili ni chombo kidogo, wala hapana anayekitazama mara mbili. Upande mmoja una meno manene yaliyoachana. Wa pili una meno membamba yaliyobanana sana. Wengi hudhani meno haya ya pili ni pambo tu, kwa maana nywele zetu hazipiti humo upesi. Sivyo. Meno manene ni ya kufumua nywele zilizotatana. Meno membamba ni ya kunasa chawa na mayai yao.

Wala hekima hii si ya jana. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walipata kitana cha pembe ya ndovu huko Lakishi, mji unaotajwa katika kitabu cha Yoshua. Habari zake zilitangazwa mwaka 2022. Hakifiki urefu wa sentimita 4, na umri wake wakisiwa kuwa miaka 3,700 hivi. Kilikuwa na meno manene 6 upande mmoja na membamba 14 upande wa pili. Juu yake yamechorwa maneno 7 ya Kikanaani, ya kuomba chawa waondoke katika nywele na ndevu. Na katika jino moja yalionekana mabaki ya chawa. Pembe ya ndovu haikuwa mali ya maskini. Basi twaona ya kuwa chawa hawakuchagua tajiri wala fukara.

Nasema haya kwa sababu binti mmoja wa darasa langu aliacha kuja shule, wenzake walipomcheka kwa chawa. Mama yake alikwisha kushika wembe amnyoe, mtoto akilia. Nikamwomba ajaribu kwanza kitana chake mwenyewe. Nywele zililoweshwa maji na kutiwa mafuta, zikafumuliwa kwa meno manene. Kisha, fungu kwa fungu, zikapitishwa meno membamba tangu ngozini hata nchani, na kila mara kitana kikafutwa kwa kitambaa cheupe. Kazi ilirudiwa siku ya 5, ya 9 na ya 13, kwa kuwa mayai yaliyosalia huanguliwa baadaye. Binti akarudi darasani na nywele zake kichwani.

Ndugu, chawa hukaa katika nywele safi kama katika nywele chafu. Tusimcheke mtoto, wala tusikimbilie wembe, hali dawa yake imo mkononi mwetu kila asubuhi.