Miraba ya Barazani Ngamiani

Ngamiani, Tanga, mitaa yenyewe inaitwa kwa namba, Barabara ya Kumi na Mbili, ya Kumi na Tatu, basi labda si ajabu tulikua na kichaa cha hesabu. Alasiri tulijazana barazani kwa mjomba, fundi cherehani, tukachukua vipande vya chaki yake na kuchora miraba sakafuni. Namba 1 hadi 9, kila moja mara moja. Ukijumlisha kwenda kulia, kwenda chini au pembe kwa pembe, upate 15. Katikati lazima akae 5. Atakayeleta mraba ambao wenzake hawana anakula kashata.

Ugomvi ukawa hauishi. Huyu juu kaandika 2, 7, 6. Yule 4, 9, 2. Mwingine 8, 1, 6, na kila mmoja anaapa wake ni mpya. Siku moja mjomba alisimamisha cherehani, akachukua karatasi nyepesi aliyokatia mikono ya mashati, akauandika mraba mmoja kwa wino mzito. Akaizungusha robo, robo tena, hadi ikarudi ilipoanzia: sura nne. Akaipindua, akaiinua penye mwanga wa mlango. Wino ulipenya, namba zikaonekana kwa nyuma, akazungusha tena: nne nyingine. Miraba yetu yote ilikuwa humo.

"Mkono wa kushoto wa shati hata uuzungushe vipi hauwi wa kulia, mjomba, mpaka uupindue," aliniambia. "Shati linataka yote miwili. Nyinyi mna mraba mmoja tu."

Kashata akala yeye.

Karatasi ya mjomba ilitosha kwa mraba wetu. Kwa mikubwa zaidi napenda kanuni inayoitwa kwa jina la Mfaransa Bernard Frénicle de Bessy: tafuta namba ndogo kuliko zote katika pembe nne, iweke juu kushoto, kati ya jirani zake wawili, mdogo akae kulia, mkubwa chini. Wetu unatulia kwenye 2, 7, 6 juu, 9, 5, 1 katikati, 4, 3, 8 chini, uwe ulianzia wapi. Katika mchoro wa Dürer wa 1514, *Melencolia I*, 1 iko chini kulia. Ipandishe, 12 inakaa kuliani kwake na 14 chini yake. Miraba miwili ikifanana baada ya hapo, ni mmoja.

Orodha ya Frénicle ya miraba ya 4 kwa 4, iliyochapishwa 1693 akiwa ameshafariki, ina 880. Ukihesabu na sura zake zote ni 7,040. Ile ya 5 kwa 5 ilingoja kompyuta: mwaka 1973 Richard Schroeppel alipata 275,305,224, na hapo mapacha wameshatolewa.