Mfereji wa dhahabu uliogeuka njia ya wote

Kila familia ina mtu wa kubaki na mizigo. Siku ya matembezi, wengine wakipanda mlima, yeye huachiwa vikapu na watoto wachanga. Kwetu mtu huyo alikuwa Shangazi, tangu ugonjwa wa kisukari ulipomnyang'anya mguu mmoja akawa wa kiti cha magurudumu.

Mnamo Aprili 2018, nikiwa mwanafunzi mjini Sacramento, jimbo la California huko Marekani, familia kadhaa za Wakenya tulipanga kwenda kutembea karibu na mji wa Nevada City. Shangazi, niliyekuwa nikikaa kwake, alikuwa amekwisha kata shauri.

"Nendeni wanangu. Mimi nitakaa garini nilinde chai."

Kiongozi wa msafara akacheka. "Leo chai itajilinda yenyewe, Mama. Njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya kiti chako."

Njia yenyewe huitwa Independence Trail, yaani Njia ya Uhuru, nayo zamani ilikuwa mfereji. Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, na watu wakamiminika huko kutoka pembe zote za dunia. Dhahabu ya mtoni ilipopungua, wachimbaji walianza kubomoa vilima kwa maji yaliyorushwa kwa nguvu kutoka kwenye mabomba. Ndipo mfereji huu wa Excelsior ulipochimbwa, katika miaka ya 1850, kuyapeleka maji ya mto Yuba hadi machimbo ya Smartsville. Palipokuwa na korongo, maji yalivushwa kwa daraja la mbao.

Walioishi bondeni walikiona cha mtema kuni. Tope lilijaza mito, mafuriko yakafunika mashamba. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akawapiga wachimbaji marufuku kumwaga takataka zao mtoni. Biashara hiyo ikadidimia.

Miaka mingi baadaye, mfereji ukiwa umemezwa na vichaka, alitokea mpenda mazingira aliyeitwa John Olmsted. Husimuliwa kwamba rafiki yake aliyetumia kiti cha magurudumu alimwomba amtafutie njia tambarare msituni. Olmsted akaona kwamba mfereji wafaa. Wachimbaji waliupa mteremko mdogo sana ili maji yaende polepole, na mteremko wa namna hiyo ndio unaofaa kiti. Akakusanya watu wa kujitolea, wakafyeka na kuchimbua.

Basi sisi wenye miguu tulipita juu ya ukingo, Shangazi akapita chini, ndani ya mfereji. Kiongozi alituonya tusiguse mmea wa majani matatu matatu, unaowasha kama upupu. Majira ya kuchipua yalikuwa yamepamba moto, na maua ya kingo yalikuwa sambamba na mkono wa Shangazi. Ilitubidi sisi tuiname ili tuyaone. Watoto wakashuka wote kumfuata, kwani yeye ndiye aliyeona vipepeo wa kwanza.

Katika kijito cha Rush Creek palikuwa na ngazi mteremko ya mbao, isiyo na vidato, iliyozunguka-zunguka hadi majini. Shangazi akatumbukiza mkono, akanyamaza kitambo.

"Miaka sita," akasema, "habari za mito nazipata kwenu tu."

Tangu siku hiyo hakujitolea tena kulinda chai.

Agosti 2020 moto wa msituni uliteketeza sehemu ya njia hiyo pamoja na madaraja yake ya mbao. Nilipompasha Shangazi habari, hakuuliza moto ulianzaje. Aliuliza, "Watajenga lini?"

Mpenzi msomaji, unapopanga matembezi ya jamaa yako, uliza mapema kuhusu lango, ngazi na choo. Ukikuta kiti hakipiti, tafuta mahali pengine kabla hujawaalika wengine.