Tafakari ya Pentekoste: Diski Isiyosomeka Ugenini



Wapendwa taifa la Mungu, Dominika ya Pentekoste imetukuta na ombi mezani ambalo huenda wengine wakaliona la kizamani. Familia moja ya hapa parokiani imeomba kurekodi Misa ya jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wao, kisha zitengenezwe DVD za kupelekwa kwa ndugu walioko Marekani, Uingereza, Oman na India. Tuliuliza kwa nini DVD, wakati siku hizi video hutumwa kwa simu. Jibu lilitunyamazisha. Shangazi yao aliyeko Marekani amevuka miaka 80, simu ya kisasa haimudu, na deki iliyo chini ya televisheni yake ndicho chombo pekee anachojua kukiwasha bila kumwita mjukuu.

Tumeona vema tuliandikie jambo hili, kwa sababu tunaukumbuka mwaka 2012. Mwaka ule tulimzika katekista mmoja aliyefundisha Komunyo ya Kwanza vizazi viwili. Binti yake alikuwa Marekani, hati zake za ukaazi zikiwa bado zinashughulikiwa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Hakuja. Mpiga video alirekodi yote, tangu mkesha hadi koleo la mwisho la udongo, akachoma diski, nayo ikapelekwa na msafiri. Ilipofika, deki ya yule binti iliandika maneno machache ya kukataa, ikaitema. Alitupigia simu akilia kwamba sasa amemkosa baba yake mara mbili.

Fundi alipoulizwa alijibu kwamba Wamarekani wamezifunga diski zetu. Wengi wanaamini hivyo hata leo, na si uzushi mtupu, kwani kufuli lipo. DVD ilipoanza kuuzwa, kwanza Japani mwaka 1996, makampuni ya filamu yalitaka diski isitangulie sinema. Filamu iliyokwisha kuonyeshwa Marekani ingeweza kungoja miezi kadhaa kabla ya kufika kwingine, na bei nazo hazikuwa sawa. Basi dunia ikagawanywa katika maeneo yenye namba. Marekani na Kanada ni namba 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini ni namba 2. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumo namba 5, pamoja na India na Urusi. Kwa hesabu hiyo Roma na Johannesburg ni majirani, na Dar es Salaam ni jirani wa Moscow! Hata ndege na meli za kimataifa zilipewa namba yao, 8. Deki ya eneo moja hukataa diski iliyofungwa kwa eneo jingine, na kompyuta huruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, kisha hubaki pale ilipoachwa.

Lakini kufuli hilo huwekwa na mwenye diski kwa hiari yake. Diski anayochoma fundi wetu mtaani kwa kawaida haina kufuli lolote; iko wazi kwa maeneo yote. Hakuna aliyemfungia yule binti mlango. Kilichomkatalia ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo tunapokutana na sikukuu ya leo.

Televisheni za dunia zilikua zikisema lugha mbalimbali. Marekani ilichagua mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na picha zipatazo 30 kila sekunde, kwa kuwa umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde. Kanada, Japani na Ufilipino zikaufuata. Mfumo wa PAL, uliobuniwa Ujerumani na mhandisi Walter Bruch mwanzoni mwa miaka ya 1960, una mistari 625 na picha 25 kila sekunde, ukilingana na umeme wa mapigo 50 kama huu wetu. Huo ndio uliotumika Uingereza, India, Oman na kwetu. Matangazo ya mifumo hiyo ya zamani yamezimwa katika nchi nyingi, Tanzania ikianza kuyazima mwishoni mwa mwaka 2012, lakini DVD bado huandikwa kwa mmoja wa mifumo hiyo miwili. Deki nyingi zilizouzwa kwetu huelewa yote miwili. Deki nyingi zilizouzwa Marekani huelewa mmoja tu, wa kwao. Diski ya mazishi ilikuwa ya PAL.

Matendo ya Mitume, sura ya 2, yanatueleza kwamba watu wa mataifa mengi waliokuwa Yerusalemu waliwasikia mitume kila mmoja kwa lugha yake. Tuangalie muujiza uliangukia upande gani. Waparthi na Wamisri hawakuambiwa wakajifunze Kigalilaya kwanza ndipo waje kusikiliza. Waliotumwa ndio waliobadilishwa ndimi. Yule binti alikuwa ameshaambiwa na jamaa kwamba anunue deki nyingine, eti tatizo ni lake. Hatukukubali. Diski ya pili ilitengenezwa upya kutoka kwenye rekodi ya awali, safari hii kwa NTSC, na baada ya miezi minne alimwona baba yake akishushwa kaburini.

Kazi yenyewe inataka uangalifu. Mafundi wengine, wakisikia Marekani, huiweka kamera tangu mwanzo kwenye picha 30. Chini ya taa zetu za umeme wa mapigo 50, picha huweza kumetameta Misa nzima. Ni bora kurekodi kwa 25 kama kawaida, kisha kugeuza kwa programu nzuri ya kompyuta. Picha za kuongezea hutengenezwa na programu hiyo; ikiwa duni, maandamano ya matoleo huonekana yakirukaruka, au sauti ya kwaya hutangulia midomo. Tena diski ichomwe kama DVD ya video, si kubandikwa faili kutoka kwenye simu, maana deki ya zamani haitalitambua. Na fundi akumbuke kuifunga diski amalizapo. Diski iliyoachwa wazi huenda ikacheza kwenye mashine iliyoichoma tu.

Liko jambo la lugha hasa, lile la mdomoni. DVD moja huweza kubeba njia 8 za sauti na maandishi ya tafsiri ya aina 32, na kwa miaka mingi tumeziacha nafasi hizo tupu. Wajukuu waliozaliwa ugenini wataona bibi na babu wakishikana mikono altareni, wasielewe wanachoahidiana. Tumemwomba mwalimu mmoja wa sekondari aandike tafsiri ya Kiingereza ya ahadi za ndoa na ya shukrani atakazotoa mzee. Mahubiri yetu si lazima.

Kwa familia yenye jubilei, na kwa wengine watakaofuata: mpeni fundi orodha ya nchi kabla hajawasha kamera. Kama fedha zinatosha aina moja tu ya diski, iwe NTSC isiyo na namba ya eneo, kwani hiyo ndiyo yenye matumaini makubwa ya kusomeka pande zote. Kwaya iombwe ruhusa ya nyimbo zake. Yupo muamini anayesafiri kwenda Marekani wiki mbili kabla ya sherehe. Atabeba diski ya majaribio ya dakika 5, yenye sauti za wazee wawili wakimsalimu shangazi, naye atatupigia simu kutuambia kama deki yake imeipokea.

Dominika njema.