Barua kwa mpwa wangu aliyekosa nafasi ya udaktari

Uvira, 20 Oktoba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, wadogo zako hawajambo, bibi analalamika magoti lakini anakula vizuri. Barua yako ilifika kwa mkono wa yule dereva wa basi. Niliisoma, nikampa mama yako naye akaisoma, na nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia pole peke yake. Pole nakupa, tena ya moyoni. Kusimama mbele ya ubao wa kitivo ukitafuta jina lako kwenye orodha ya waliopita konkuru, mtihani wa kuingia kitivo cha tiba, na kulikosa huku wenzako wanapiga vigelegele pembeni, si jambo dogo kwa binti aliyesema tangu darasa la nne kwamba atakuwa daktari. Lakini baada ya pole yapo ya kuzungumza, na mengine hutayapenda.

Umeandika kwamba konkuru si haki. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Mimi niliyefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi najua kwamba mwanafunzi wa mchepuo wa biokimia hapa kwetu anaweza kupata Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, bila kushika bureti hata siku moja. Anaichora ubaoni, anaandika majina ya sehemu zake, anakariri kwamba fenolftaleini hugeuka waridi kwenye besi, na rangi yenyewe hajaiona. Kisha anasafirishwa hadi Bukavu, anakalishwa chumba kimoja na mtoto aliyesoma shule yenye maabara na maji ya bomba, wote wanapewa karatasi moja. Anayesema hapo wameshindana sawasawa hajawahi kufundisha Uvira. Wenye mamlaka ya elimu wanadaiwa maabara na watoto wa mwambao huu wa ziwa, na deni hilo nitaendelea kulidai hata katika ustaafu wangu.

Lakini kuna sentensi moja katika barua yako ambayo siwezi kuiacha ipite. Umeuliza moli na mizani ya kemikali vina faida gani kwa mtu anayetaka kutibu watu, na ukasema kwamba mambo hayo yamewekwa ili kupunguza wanafunzi. Nakuomba ufanye jambo moja. Nenda duka la dawa lolote hapo Bukavu, nunua pakiti moja ya SRO, chumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, ile ile inayogawiwa kwenye kituo cha kutibu kolera cha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira, uigeuze usome maandishi ya nyuma. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ya maji ni glukosi gramu 13.5, kloridi ya sodiamu gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Chukua kalamu. Glukosi ina gramu 180 kwa moli, kwa hiyo gramu 13.5 ni milimoli 75. Kloridi ya sodiamu ina 58.5, unapata milimoli 44 na kitu. Sitrati, pamoja na maji yaliyomo kwenye fuwele zake, ina 294. Hizo ni milimoli 10 hivi, na kila sitrati inabeba sodiamu 3, kwa hiyo ongeza 30. Jumla ya sodiamu ni karibu 75. Glukosi 75, sodiamu 75.

Namba hizo hazikulingana kwa bahati. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna protini inayovusha sodiamu pamoja na glukosi. Mtafiti Robert Crane alilieleza jambo hilo kwenye mkutano wa Prague mwaka 1960. Sumu ya kolera inaufanya utumbo umwage maji na chumvi bila kukoma, lakini njia hiyo ya pamoja haiiharibu. Sodiamu ikivuka na glukosi, maji yanaifuata kwa osmosi, ile osmosi uliyoichora na kipande cha kiazi. Ukizidisha sukari mambo yanageuka, maji yanavutwa kurudi ndani ya utumbo na mtoto anazidi kuharisha. Ndiyo maana mama anayemnywesha mtoto wake soda anamwongezea ugonjwa, ingawa anafanya kwa huruma. Na ndiyo maana mwaka 2002 fomula ya zamani ilipunguzwa makali hadi miliosmoli 245 kwa lita. Jumlisha mwenyewe sodiamu 75, glukosi 75, kloridi 65, potasiamu 20 na sitrati 10, utaona zinafika.

Hesabu ya namna hiyo imeokoa watu. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi kuvuka mpaka kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa huko, mjini Bangaon, katikati ya kolera, na serumu za mishipani zikamwishia. Aliagiza chumvi na glukosi zipimwe kwenye mifuko, zichanganywe na maji, na ndugu za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Wanyweshaji wengi hawakuwa na diploma yoyote ya tiba. Kilichowaokoa wagonjwa ni kwamba kabla yao kulikuwa na watu waliojua moli, na juu yao daktari aliyeelewa hesabu hiyo kiasi cha kuthubutu. Ndiye daktari ninayetaka uwe, mpwa wangu.

Hata takwimu unazozichukia zimefanya kazi hapa hapa mjini kwetu. Watafiti wa Shule ya Usafi na Tiba ya Tropiki ya London walichukua rekodi za shirika la maji la REGIDESO la Uvira na rekodi za waliolazwa kwenye kituo cha kolera kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka pamoja. Walichotoa mwaka 2015 ni kwamba baada ya siku isiyo na maji kabisa, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera katika siku 12 zinazofuata walikuwa asilimia 155 zaidi kuliko baada ya siku ambayo maji yametoka vizuri. Sote tulijua kwamba bomba likikauka watu wanarudi ziwani na mtoni na ndoo. Lakini kulijua kwa kinywa hakumlazimishi mkubwa yeyote. Namba ile iliwapa watu wa Uvira neno la kusema mbele ya wafadhili na serikali.

Sasa nikuambie lile usilotaka kusikia. Alama za kemia na fizikia ulizonitajia ni za chini, na si za chini kwa sababu ya maabara peke yake. Nimekuona unavyojifunza. Unabloka, yaani unakariri, usiku wa manane, unameza silabusi neno kwa neno, unaitapika asubuhi ya mtihani, jioni huna kitu. Njia hiyo ilikupatia asilimia 57 za Exetat, mtihani wa serikali, na ingekutupa nje mwaka wa kwanza wa kitivo, ambako somo la biokemia linajengwa juu ya kemia na hakuna anayekusubiri uikumbuke. Wako wengi waliopita konkuru kwa kubahatisha, wakarudia mwaka, wakarudia tena, na minervali, ile ada ya chuo waliyolipa wazazi, ikaenda na maji. Kwa hiyo mwaka huu usiuhesabu kama umepotea. Una shimo la kufukia, na afadhali ulifukie nyumbani, pasipo gharama, kuliko kulifukia ndani ya kitivo kwa dola.

Nije kwenye jambo la mtu yule. Mama yako amenieleza. Kuna bwana anayesema anamjua mtu ndani, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina lako litatokea kwenye orodha ya nyongeza. Mama yako alikuwa tayari kuuza parseli, kile kiwanja chenu. Nimemkatalia, na nimemkatalia kwa ukali. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka huu mliona wenyewe nyumba ya Kalundu ilivyokwenda, hadi madirisha. Parseli ile ndiyo pekee iliyobaki kwa wadogo zako. Kama bwana huyo ni mwizi, na wengi wao ni wezi, fedha zimekwenda na nafasi hakuna. Kama kweli anaweza, basi umeingia kwenye tiba kwa kumnyang'anya nafasi mtoto mwingine aliyejua kemia kuliko wewe, na siku moja mgonjwa ndiye atakayelipa tofauti hiyo. Jambo hili sina uvumilivu nalo.

Kuwa mwangalifu vilevile na vyuo vinavyofunguliwa kwenye jengo la kupanga, vinavyokupokea siku hiyo hiyo bila konkuru na kukuita daktari mtarajiwa kabla hujaketi. Kabla ya kulipa faranga moja, omba kuona arete, yaani hati ya wizara inayokitambua chuo kwa kitivo cha tiba hasa, maana chuo kinaweza kutambuliwa kwa sheria au uchumi tu. Diploma isiyotambuliwa haitakuandikisha kwenye Chama cha Madaktari, na bila kuandikishwa huruhusiwi kutibu.

Umeniambia pia kwamba anayekosa nafasi mara ya kwanza amekosa maisha. Hilo nalipinga kwa mtu unayemjua kwa jina. Denis Mukwege alipata diploma yake ya sekondari, mchepuo wa biokimia, Bukavu mwaka 1974. Alitaka kuwa daktari tangu utotoni, alipokuwa akifuatana na baba yake mchungaji kwenda kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba maombi yanahitaji na dawa kando yake. Lakini hakuanza na tiba. Alikaa miaka 2 Kinshasa kwenye kitivo cha Politekiniki, masomo ya uhandisi, na ni mwaka 1976 tu alipoingia kitivo cha tiba, tena si nchini kwake, bali Bujumbura, hapo ng'ambo ambapo usiku tunaziona taa kutoka ufukweni. Alimaliza mwaka 1983, akaja kufanya kazi Lemera, kwenye milima ya wilaya yetu hii ya Uvira. Alidhani atatibu watoto. Wanawake waliokuwa wakifa kwa uzazi, wengine wakibebwa mwendo mrefu hadi hospitalini wakiwa wamechelewa, ndio waliomgeuza awe daktari wa wanawake, akaenda kusomea Angers, Ufaransa, akarudi Lemera mwaka 1989. Hospitali hiyo ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wahudumu. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Nobeli ya Amani. Watu wanapenda kusimulia mwisho huo. Mimi nataka uifikirie ile miaka 2 ya Kinshasa, kijana akisoma asichokitaka huku bado anakitafuta anachokitaka.

Na kama mwakani mlango haukufunguka? Ipo ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Najua umeandika kwamba hutaki kuwa muuguzi wa A1, yaani wa ngazi ya chuo, kutwa ukitumwa na madaktari. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajalazwa. Usiku, kwenye zahanati za Ubwari au za Hauts-Plateaux, anayefungua mlango mara nyingi ni muuguzi, na asipojua kupima serumu hakuna mwingine wa kuuliza. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo aliyehitimu nchini. Ilikuwa na wauguzi na wasaidizi wa matibabu, na Shirika la Afya Duniani liliwachukua kadhaa kati ya wasaidizi hao, likawapeleka Ufaransa kumalizia udaktari, wakarudi kujaza pengo la Wabelgiji walioondoka. Kazi ya uuguzi ina heshima yake yenyewe, na haijamfungia mtu njia. Na maabara nayo, je? Wewe mwenye jicho kali, usiyesahau sura ya mtu, ungekaa vizuri sana mbele ya hadubini.

Ninachokuomba, basi, rudi nyumbani. Chumba chako kipo. Minervali aliyokuwa ameiweka mama yako isiguswe, ibaki kwa ajili ya mwakani. Jumamosi na Jumapili jioni utakuja kwangu tuanze kemia tangu mwanzo, moli, asidi na besi, mizani ya kemikali, kisha biokemia kidogo kidogo. Bureti ninayo moja, ya zamani, na siki na soda ya kuokea tutavipata sokoni Mulongwe. Fizikia nimemwomba mwalimu mwenzangu, amekubali bila malipo. Kifaransa chako cha kuandika kinakuangusha kuliko unavyodhani, kwa hiyo kila juma utaniandikia ukurasa mmoja kwa Kifaransa, nami nitausahihisha kwa wino mwekundu kama zamani. Asubuhi nenda kituo cha afya cha mtaa, ujiandikishe kwa kina mama reko, wahudumu wa afya wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuhimiza klorini na kunawa mikono. Utaona wagonjwa mapema kuliko wenzako walioingia kitivoni, na utajua kama kweli ni kazi unayoitaka. Mwakani usijaribu mlango mmoja tu. Bukavu kuna chuo rasmi cha serikali, kingine cha Kikatoliki na kingine cha Kiinjili, kila kimoja na kitivo chake cha tiba, na Bujumbura iko karibu kuliko Bukavu.

Bwana yule mpe jibu la hapana wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kisha unitumie ujumbe kwamba umelitoa. Usipande gari la usiku, barabara ya Ngomo ya kuja huku siiamini mvua zikianza. Lete silabusi zote za kemia ulizonunua, hata zile zilizochanika, na ile pakiti ya SRO usiifungue, uje nayo.

Mjomba wako