Tarehe 3 Asubuhi

Kabla sijaanza kubadilika nilikuwa nimeshaokoka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Masasi, kwenye mkutano wa injili wa usiku, spika zinavuma hadi kwenye majabali na sauti inaturudia. Nililia mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Mara ya pili ilikuwa Newala, ya tatu Masasi tena. Kila mara nilisimama nikashuhudia, watu wakapiga makofi, na kila mara, hata wiki haijaisha, nilikuwa nimerudi kwenye kangomba.

Siwabezi wanaolia mikutanoni. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, na kiatu nilikipoteza kweli. Ila ushuhuda tuliouzoea huwa na usiku mmoja ndani yake, mtu analala mwizi anaamka mtakatifu. Wangu hauna usiku huo. Una asubuhi nyingi sana, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nasinzia.

Kwa msomaji asiye wa kusini, nieleze kangomba. Korosho zetu huanza kuvunwa Oktoba. Ikifika Januari na Februari fedha ya msimu imekwisha, shambani hakuna cha kula, na watoto wanadaiwa sare. Hapo ndipo mtu kama mimi hupita na pikipiki. Nampa mama fulani elfu hamsini leo, naye ananipa neno lake kwamba Oktoba nitabeba gunia lake moja. Gunia hilo angelipeleka ghalani mwenyewe, kwa mfumo wa stakabadhi ulioanza huku msimu wa 2007, miaka ya bei nzuri angepata mara nne au tano ya fedha ile. Wengine niliwanunulia mlangoni kwa kopo. Kopo langu nilikuwa nimeligonga kitako kwa nyundo kutoka ndani, likavimba kwa nje, lipate kumeza zaidi. Biashara hii imekatazwa, na kila mtu anajua nani anaifanya.

Na nilikuwa mshirika mzuri wa kanisa. Sadaka ya shukrani kila Desemba, mabati niliyoahidi niliyaleta, jina langu lilisomwa matangazoni.

Novemba 2018 ndipo mambo yalipoharibika. Wakulima walikuwa wamegomea bei za minadani, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kuzisomba. Bei nzuri. Lakini kabla ya kulipwa mtu alihakikiwa: shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi? Korosho zangu zilikuwa nyingi kuliko miti yangu, maana miti yangu haikuzidi thelathini. Nikazigawa kwa majina ya watu wenye mashamba, kwa makubaliano ya mdomo. Baadhi yao walipolipwa hawakunijua tena. Ningemshtaki nani? Mtu wa kangomba hana polisi.

Januari 2019 nikaenda kwa mjomba. Kwetu mtu ana baba yake, lakini mwenye mtu ni mjomba. Ukishindwa na dunia unarudi kwake. Alikuwa katekista mstaafu, anaishi kijijini si mbali na ukingo wa uwanda wa Newala, pale ukisimama unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha ugali wa muhogo na kisamvu. Hakuniuliza kitu. Nilijitayarisha kwa mawaidha, hayakuja. Wakati wa kulala akasema tu, "Mpwa wangu, miguu inanisumbua. Kesho kagonge wewe."

Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe mbele ya kanisa. Saa yake ni adhana. Newala yetu Waislamu ni wengi, na katika ukoo mmoja utamkuta Selemani na Filipo wamekaa mkeka mmoja. Mjomba alikuwa akisikia adhana ya Alfajiri anaamka, ananawa, na adhana ikishatulia kwa muda ndipo anagonga. Nikagonga. Walikuja bibi wawili, mjomba na mimi. Tukasali Sala ya Asubuhi, tukarudi nyumbani. Kesho yake miguu ikawa bado inamsumbua, na keshokutwa.

Kitabu chake cha Sala kilikuwa kimeachana na jalada. Kwa utaratibu wa zamani wa Kianglikana, Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa tarehe za mwezi, asubuhi na jioni, mafungu 60 kwa siku 30. Ukiwa na tarehe 31 unarudia za 30. Huchagui. Una furaha au una msiba, tarehe ndiyo inayokuambia la kusema. Tarehe 15 jioni ni Zaburi ya 78, aya 72 kwa mkupuo mmoja, na mbu wa masika hawana heshima kwa Zaburi. Tarehe 24 jioni inaanza ile ya 119, haimaliziki mpaka jioni ya tarehe 26. Miezi ya kwanza nilikuwa nahesabu aya zilizobaki kama abiria anayehesabu vituo.

Nilimwambia, "Mjomba, mimi hapa sisikii chochote. Kule mkutanoni nilisikia moto."

Akanijibu kwa habari ya mama yangu. Uwanda wa Makonde una udongo mzuri wa mchanga, lakini mvua ikinyesha inazama yote. Juu hapa hakuna mto wala chemchemi. Kabla mabomba ya mradi wa maji wa Makonde hayajaanza kuvutwa miaka ya 1950, na hata baadaye mashine zilipokuwa zikiharibika, wanawake walishuka mteremkoni usiku wa manane na kupanda na maji kichwani jua limeshatoka. "Mama yako," mjomba akasema, "hakushuka siku aliyosikia kiu. Angengoja kiu, mngekufa." Kisha akaendelea kumenya muhogo.

Sijui kama nilielewa siku ile. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nakula kwake, kwa hiyo niligonga.

Jambo lenyewe lilianzia tarehe 3. Asubuhi ya tarehe 3 ni Zaburi ya 15 hadi ya 17. Ile ya 15 ni fupi. Inamuuliza Mungu ni mtu gani atakayekaa hemani mwake, halafu inajibu: asemaye kweli, asiyemtenda mwenzake mabaya, aliyeapa na hageuki ingawa anaumia. Karibu na mwisho inamtaja asiyekopesha fedha yake ili ale riba. Mwezi wa kwanza ilinipita. Mwezi wa pili nikaisikia. Wa tatu nikaona bibi mmoja ananitazama, ingawa nadhani alikuwa anatafuta miwani yake. Tangu hapo tarehe 3 ikawa inanijia kama mdai. Ningemkwepa mhubiri, ningemwambia moyoni kwamba ananisema kwa kuwa kasikia umbea. Kalenda haina umbea.

Nikaanza kuumwa. Tarehe 3 Juni kichwa, tarehe 3 Julai tumbo. Agosti mjomba akaja mlangoni. "Ugonjwa wako una mwandamo?"

Siku hiyo nilimweleza yote, kopo na nyundo vikiwemo. Nikajitetea kidogo, nikasema walikubali wenyewe, sikumshikia mtu panga. Mjomba alikaa kimya, kisha akanisimulia kama mtu anayebadili mazungumzo. Kanisa hili, akasema, lililetwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watumwa waliokombolewa, waliotoka Unguja wakapita Lindi, wakafika Masasi wakasema hapa panatosha. Mwaka 1882 wapiganaji walioitwa Wamagwangwara wakavamia Masasi, wakachoma, wakachukua mateka, na Padre Maples akahamishia kazi Newala. Halafu akanitajia Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, aliyekuja kupewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo ya Steere, akarudi kuhubiri kwa Wayao wa Chitangali. "Alinunuliwa na kuuzwa," mjomba akasema, "na aliyemnunua alisema kama wewe, kwamba bei walikubaliana."

Nilikasirika. Niliona amenilinganisha na mtu wa minyororo kwa sababu ya magunia ya korosho. Leo pia naona alitia chumvi. Lakini usingizi usiku ule sikuupata, na asubuhi nikagonga.

Nilikuwa na daftari la kaunta lenye majina ya wadeni wangu. Wadeni, ndivyo nilivyowaita. Mjomba akasema niwaombee, kila asubuhi watatu, kwa majina. Jambo dogo, nikakubali. Jaribu mwenyewe uone. Ni kazi ngumu kumwombea mtu afya na riziki kwa jina lake huku unajua riziki yake ulikula wewe. Wiki ya kwanza nilitaja majina haraka. Kadiri siku zilivyokwenda nikawa nakumbuka na nyumba, na mtoto aliyekuwa anakohoa mlangoni, na yule mama aliyepokea elfu hamsini kwa mikono miwili, akinishukuru.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikuwa na hata moja. Msimu wa salfa wa mwaka uliofuata nikakodi mashine ya kupulizia, nikapuliza mikorosho ya watu dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga kuanzia Juni, macho yanawaka, koo limekauka. Fedha ile nikaanza kurudishia. Majina yalikuwa 31. Nilipiga hesabu ya tofauti ya bei tu, bila mara nne, na hata hiyo imenichukua miaka.

Walinipokea kila mtu kwa namna yake. Mzee mmoja alicheka mpaka akaketi, akaita majirani waje wamwone mtu wa kangomba anayerudisha. Mama mmoja alizihesabu mara mbili, akaniambia bado elfu tatu, na kweli zilikuwa bado elfu tatu. Mwingine alikataa kabisa, akasema anataka nibaki nalo deni lake mpaka mbele ya Mungu, nalo ninalo. Mzee wa Kiislamu, jirani wa msikiti, alipokea, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wewe ndiye unayegonga rimu. Sisi tukitoka kuswali tunakusikia." Hakuongeza kitu.

Sikuwa malaika. Februari 2021 rafiki wa zamani alinijia na mtaji, nikanunua magunia mawili kabla jua halijazama. Nilikuwa nimesali asubuhi ileile. Nilikwenda Masasi, Kanisa Kuu la Mtandi, nikafanya kitubio kwa padre asiyenijua, kwa kuwa niliona haya kwa anayenijua. Malipizi aliyonipa yalikuwa mepesi: rudi, kesho agonge yuleyule. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

Kwamba mtu hubadilika kwa kurudia yaleyale, wazee wa kanisa letu walilijua kabla yetu. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando. Alilipokea, akatia sala ndani yake, na wakati huo wengine wakimshangaa. Nadhani aliona kwamba watu wa huku hatufundishwi kwa hotuba moja. Jandoni kijana anakaa siku nyingi, anaimbishwa yaleyale, anakosea, anakemewa, anaimbishwa tena. Mjomba alipita jando la kanisa, na alinipeleka jandoni nikiwa na miaka arobaini na kitu, bila kuniambia.

Alifariki mwaka 2022. Asubuhi ya mazishi niligonga kama kawaida, tukasoma Zaburi za tarehe hiyo, ambazo hazikuwa na neno la msiba hata moja. Baadhi ya ndugu hawakupenda. Yeye angependa.

Siku hizi tunakuja watu sita au saba, mara nyingine wawili. Saa sita mchana nasimama nilipo kwa sala ya Malaika wa Bwana, na kama niko juu ya pikipiki nasimamisha pikipiki. Jioni Zaburi tena. Moto wa mkutanoni sijausikia tena, na sijautafuta. Hasira ninayo bado, tamaa ninayo, hasa ikifika Januari na bei ya korosho ikitajwa redioni. Kopo nililipeleka kwa fundi anyooshe kitako, akasema halinyooki, litatoboka. Sasa ni la kumwagilia miche.

Kwenye daftari yamebaki majina manne. Wawili walifariki na bado natafuta watoto wao. Mmoja ndiye yule aliyekataa. Wa nne ni mama aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Newala, mwaka 2014 alinipa magunia mawili kwa elfu sabini, baadaye nikasikia amehamia upande wa Nachingwea. Kama ni mama yako au jirani yako, mwambie fedha yake ipo. Aje asubuhi, atanikuta kwenye mwembe.